Uzi wa miti mifupi ya matunda kwenye ndoo: sisi wa baridi ya Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa

Mpangaji wa Uyole – 9 Juni, saa 3:10 usiku

Wakuu, poleni na kipupwe. Naandika nikiwa na soksi mbili mbili na blanketi begani. Uzi huu nimeuahirisha tangu mwaka jana kwa sababu ya aibu. Juni iliyopita nilikuwa na miti saba ya matunda kwenye ndoo. Septemba nilihesabu mitatu.

Kwa nini ndoo? Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba ni mtu mwema, lakini alishasema hataki shimo uwanjani kwake, hata la muhogo. Halafu mpangaji ukipanda mti ardhini umempandia mwenye nyumba. Kwenye ndoo, siku ya kuhama naita kirikuu, napakia godoro, jiko na miti yangu.

Iliyokufa ni milimao miwili, mchenza mmoja na mpapai (mpapai najua, msinicheke). Iliyobaki ni mitufaa (miti ya maepo) miwili, mmoja aina ya Anna na mwingine aina ya Dorsett Golden, pamoja na mtini ambao hata sikuwa naujali.

Mwaka mzima nilikuwa nasimulia watu kwamba baridi imeniulia miti. Kumbe. Mlimao wa kwanza nilipoung'oa mwezi wa nane ulitoka wote kwa mkono mmoja, kama mswaki kwenye kikombe. Mizizi ukiivuta kwa vidole ganda linachubuka, kinabaki kiuzi cheusi katikati. Nusu ya chini ya ndoo udongo ulikuwa tope, na harufu ile ya maji ya maua yaliyosahaulika mezani. Nilikuwa nimeuzamisha mti mwenyewe.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Jamii ya malimao na machungwa, udongo ukishuka chini ya nyuzi joto 12 au 13 hivi, mizizi inakaribia kusimama kazi. Mti haunywi. Mimi nilikuwa namwagilia kila jioni kama ningemwagilia Oktoba. Majani yakageuka njano, nikasema ni njaa, nikaongeza mbolea. Mbolea inataka maji, nikaongeza maji. Hapo ndipo ilipokwisha.

Mwaka huu nina miti sita. Nitakuwa natupia hapa kinachoendelea. Wa Njombe, Makete, Mafinga, Iringa na Tukuyu leteni ya kwenu.

Mnyalu wa Kihesa – 9 Juni, saa 3:31 usiku

Kamwene. Mpapai Uyole? Kwenye ndoo? Mkuu ulistahili.

Mpangaji wa Uyole – 9 Juni, saa 3:34 usiku

Nimesema msinicheke.

Dada wa Mafinga – 9 Juni, saa 4:02 usiku

Kaka, umenigusa. Nina mlimao kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, una miaka miwili, ulizaa vizuri Februari. Sasa hivi majani ni njano tupu, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Jana nimeuwekea mbolea ya CAN kijiko kimoja. Nimeua?

Mpangaji wa Uyole – 9 Juni, saa 4:20 usiku

Kijiko kimoja hakijaua dada, ila usirudie mpaka Septemba. Njano ya wakati huu mara nyingi chakula kipo kwenye udongo, mizizi imelala tu. Na hata mti ungekuwa na nguvu ya kukila, mbolea ya kukuzia ukiiweka kipupwe unaupa machipukizi malaini, na sakitu (umande unaoganda usiku wa baridi kali) ya kwanza inayababua yote. Mimi mbolea ya mwisho natia Machi, naanza tena baridi ikivunjika.

Kesho fanya hivi. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukisikia ubichi, usimwagilie. Halafu inyanyue ndoo. Kwa wiki mbili za kunyanyua utaijua ndoo yenye maji na ndoo kavu kama unavyoujua mtungi wa gesi unaokaribia kuisha. Mimi sasa hivi milimao inapata maji kila baada ya siku 9 au 10, saa 4 asubuhi jua likishapanda. Jioni sitii hata tone.

Na matundu? Ndoo ina matundu mangapi?

Dada wa Mafinga – 9 Juni, saa 4:23 usiku

Moja. Katikati.

Mnyalu wa Kihesa – 9 Juni, saa 4:25 usiku

Hiyo ni bakuli dada yangu, siyo ndoo ya mti.

Mpangaji wa Uyole – 9 Juni, saa 4:40 usiku

Pasha msumari wa inchi nne, toboa manane chini na mengine ubavuni, vidole viwili kutoka kitako. Halafu iketishe juu ya vipande vitatu vya tofali. Ndoo ikikaa moja kwa moja kwenye saruji, matundu yanazibwa na kitako chenyewe.

Fundi Bomba – 10 Juni, saa 1:15 asubuhi

Umesahau kokoto. Chini weka kokoto inchi tatu ndipo uweke udongo, maji yapite. Kila mtu anajua.

Mpangaji wa Uyole – 10 Juni, saa 7:05 mchana

Fundi, na mimi nilijua hivyo. Miti yote minne iliyokufa ilikuwa na kokoto chini.

Jaribu hili jikoni. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowe chepechepe, ishike bapa mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itadondosha tena, na hukuongeza maji. Udongo ni vilevile, sehemu ya chini kabisa inabaki imelowa hata maji yakishaacha kutoka, na kimo cha hiyo sehemu hakipungui kwa sababu kuna kokoto chini yake. Udongo laini hauyaachii maji yaingie kwenye mapengo makubwa ya kokoto mpaka ushibe kwanza. Kwa hiyo kokoto inchi tatu zimeupandisha ule ubichi inchi tatu juu, karibu na mizizi. Ndoo ndefu inakausha vizuri kuliko beseni pana kwa sababu hiyohiyo ya sponji.

Fundi Bomba – 10 Juni, saa 7:48 mchana

Nimejaribu sponji. Sawa. Lakini kwenye karo la maji machafu kokoto zinafanya kazi, hilo msiliguse.

Bibi wa Tukuyu – 10 Juni, saa 11:20 jioni

Wanangu ugonile. Mjukuu ndiye ananiandikia. Huku Tukuyu shida yetu siyo sakitu, ni mvua. Mwezi huu wenzetu wa Iringa hawajaona tone, huku kwetu mawingu hayajui likizo. Kwa hiyo mimi ndoo zangu mvua zikianza nazisogeza upenuni, maji ya bati yasizifikie. Mti unapata maji niliyoutilia mimi, si ya mbinguni.

Udongo wangu: sehemu mbili udongo mweusi wa chini ya migomba, sehemu moja samadi iliyokaa mwaka, sehemu moja yale mawe mepesi ya kijivu tunayoyakuta tukilima, ukiyatupa kwenye maji yanaelea. Nayaponda yawe kama punje za mahindi. Tangu niyatumie mizizi haijaoza.

Mpangaji wa Uyole – 10 Juni, saa 1:02 usiku

Shikamoo bibi. Hayo mawe ni hazina, ni povu la volkano iliyoganda, yana vitundu ndani vinavyoshika hewa na maji kidogo. Tunayakanyaga bure kuanzia Tukuyu mpaka huku Uporoto, kumbe nchi nyingine wanayauza dukani kwa ajili ya maua. Usiyekuwa nayo tumia pumba za mpunga, kutoka Mbarali zinakuja malori kwa malori.

Bibi wa Tukuyu – 10 Juni, saa 1:30 usiku

Marahaba mwanangu.

Mzee Mkinga – 11 Juni, saa 2:45 usiku

Nimesoma wote. Nipo Makete, zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo baridi mnayoisema nyinyi kwetu ni hali ya hewa nzuri. Ukitoka hapa ukapanda Kitulo ni karibu mita 2,600. Kila mita 1,000 unazopanda unapoteza nyuzi kama 6, kwa hiyo msinakiliane ratiba, kila mtu aangalie kwake.

Nianze na mitufaa. Kuna wenzetu wanaihurumia, wanaiingiza ndani Juni pamoja na milimao. Ni makosa makubwa. Mtufaa unaitaka hiyo baridi. Unahesabu saa, hasa zile za kati ya nyuzi 0 na 7. Aina nyingi za Ulaya zinataka saa 800, 1,000 na zaidi, ndiyo maana ukiotesha mbegu ya epo la dukani unapata majani miaka kumi. Anna iliyotoka Israeli inataka 200 hadi 300. Dorsett Golden, ambayo ilipatikana Bahama, inataka chini ya hapo. Sasa piga hesabu ya Uyole: Juni hadi Agosti ni siku 92. Kila usiku ukikupa saa 4 chini ya nyuzi 7, una saa 368, ingawa mchana wa jua kali unakuibia kidogo. Inatosha. Dar huipati hata ukiombea.

Halafu hizo mbili zipandwe pamoja, Anna peke yake inachanua sana na kuzaa kidogo, inataka chavua ya mwenzake. Mpangaji ulibahatisha au ulijua?

Pili, ukuta. Vitabu vya Waingereza vinasema mti wa kwenye chungu uweke kwenye ukuta unaotazama kusini. Wao wako juu ya ikweta. Sisi tuko chini yake, mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini. Usiniamini mimi, kesho saa 7 kasoro mchana simama uwanjani, uone kivuli chako kinalala wapi. Kwa hiyo ukuta wako ni ule unaotazama kaskazini. Kwa mtu wa Mbeya mjini, ukuta unaotazama mlima Loleza. Tofali linakula jua mchana, usiku linalitapika polepole, na ndoo iliyoegemea hapo inapata nyuzi mbili tatu ambazo mwenzake wa katikati ya uwanja hana.

Tatu, sakitu. Haiji kila usiku wa baridi. Inakuja usiku ambao mawingu hayapo na upepo umetulia. Mawingu ni blanketi. Na hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji, inajaa bondeni. Ndiyo maana viazi vya bondeni vinaungua na vya mgongoni mwa kilima vinasalimika, shamba moja, usiku mmoja. Uwanja wako ukiwa na ukuta upande wa chini wa mteremko, hiyo hewa inatuama hapohapo kama bwawa. Ndoo weka upande wa juu.

Kufunika tutaongea kesho, umeme unasumbua.

Mpangaji wa Uyole – 11 Juni, saa 3:00 usiku

Mzee shikamoo. Nilibahatisha.

Kijana wa Kigamboni – 11 Juni, saa 3:12 usiku

Yote haya kwa maepo manne? Si mnunue tu.

Mnyalu wa Kihesa – 11 Juni, saa 3:15 usiku

Wewe si unafuga samaki kwenye kioo na hauwali?

Mzee Mkinga – 12 Juni, saa 1:40 usiku

Marahaba. Tuendelee. Funika kwa kitambaa, shuka la zamani, kanga mbili, au gunia la katani. Kitambaa kifike chini mpaka ardhini, kwa sababu joto unaloliwinda linatoka ardhini na ukutani. Ukifunga shuka juu tu kama kilemba kwenye shina, umeuzuia mti kupata hilo joto. Nailoni isiguse majani, jani linalogusa nailoni linaungua kama halikufunikwa. Ukilazimika, simamisha vijiti kwanza. Asubuhi saa 3 funua.

Na udongo mkavu kabisa unapoa haraka kuliko wenye unyevu kiasi. Kwa hiyo ukiona leo asubuhi anga halina wingu na ndoo ni nyepesi, mwagilia saa 4 au 5 asubuhi hiyo, usiku ukukute na unyevu uliokwisha kupata joto. Ni unyevu nimesema, siyo lile tope la Mpangaji.

Dada wa Mafinga – 12 Juni, saa 2:10 usiku

Asante sana mzee. Mimi nafikiria niuingize mlimao stoo usiku na kuwasha jiko la mkaa humo, lipoe polepole. Stoo inashikana na chumba cha watoto.

Bibi wa Tukuyu – 12 Juni, saa 2:14 usiku

Usifanye hivyo mwanangu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala moshi, watu wanalala hawaamki. Kila kipupwe tunasikia misiba hiyo. Acha mlimao ufe.

Mpangaji wa Uyole – 12 Juni, saa 2:20 usiku

Namuunga mkono bibi. Uingize barazani usiku, utoe asubuhi, bila moto wowote. Ukiuacha ndani siku zote kwa giza nalo utapukutisha majani.

Dada wa Mafinga – 12 Juni, saa 2:26 usiku

Nimesikia. Jiko linabaki nje.

Mteja Aliyepigwa – 15 Juni, saa 6:30 mchana

Wadau mimi nina kilio. Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche mitano barabarani, nikaambiwa ni ‘mifupi ya kwenye ndoo, haizidi mita moja na nusu’. Elfu kumi na tano kila mmoja. Leo miwili imegusa bati, mizizi imepasua ndoo, na haijatoa hata ua. Muuzaji simu haipokelewi.

Mzee Mkinga – 15 Juni, saa 12:50 jioni

Pole. Hapo wengi wameumia. Mche kuwa mfupi siku ya kuununua haimaanishi chochote, hata mkaratusi ulishawahi kuwa mfupi. Ufupi wa mtufaa unatoka kwenye shina la chini, lile lililobebeshwa kikonyo, yaani kijiti cha aina unayoitaka. Muulize muuzaji: chini umebebesha juu ya nini? Akisema M27 (hayo ni majina ya aina za mashina ya chini), huo hauzidi mita mbili, umezaliwa kwa ajili ya chungu. M9 unafika mbili na nusu hadi tatu. MM106 ni wa kati, kwenye pipa unakwenda ukiupogolea, na una sifa ya kuvumilia vidukari vyeupe vya pamba. Akikujibu ‘ni wa kisasa’, aga uondoke.

Halafu tazama shina kwa macho. Kiganja kimoja juu ya udongo lazima uone kovu au kigoti pale walipounganisha. Hakuna kovu, huo ni wa mbegu. Na siku ya kupanda hicho kigoti kibaki juu ya udongo. Ukikifukia, kikonyo cha juu kinatoa mizizi yake na mti unakuwa mkubwa kama kwamba hukulipia ufupi.

Mteja Aliyepigwa – 15 Juni, saa 1:05 usiku

Nimetoka kuangalia na tochi. Laini kama muwa. Hakuna kovu.

Mnyalu wa Kihesa – 15 Juni, saa 1:09 usiku

Kwa hiyo una shamba la miti ya mbao sasa. Pole mkuu, natania. Mimi ningeipanda shambani ardhini, nibebeshe vikonyo vya Anna juu yake mwezi wa nane. Mizizi ya mbegu ina nguvu, haitakuwa mifupi lakini utakula.

Msomaji Kimya – 16 Juni, saa 4:00 asubuhi

Parachichi za Hass je? Nataka mmoja barazani.

Mpangaji wa Uyole – 16 Juni, saa 4:41 asubuhi

Njombe wana ekari za kutosha, waachie. Parachichi kwenye ndoo ni mateso, mizizi yake haitaki kubanwa wala kulowa. Ukitaka mti usio na maneno chukua mtini. Kubanwa mizizi kunaufanya uzae zaidi. Wangu unapukutisha majani yote Juni, unakaa kama fimbo, wageni wanauliza mbona sijautupa.

Msomaji Kimya – 16 Juni, saa 4:44 asubuhi

Na mafyulisi (mapichi)?

Mnyalu wa Kihesa – 16 Juni, saa 5:20 asubuhi

Hilo niachieni. Watu wananiambia mafyulisi yanaota hata jalalani Iringa nzima, kwa nini niyaweke kwenye pipa. Kwa sababu ya jalalani yana funza. Wangu upo kwenye nusu ya pipa la lita 200, mwaka wa nne. Tofauti ya kukumbuka wakati wa mkasi: mfyulisi unazaa kwenye kijiti kilichoota msimu uliopita tu. Usipokata kwa nguvu kila mwaka, matunda yanahamia nchani na katikati panabaki fito kavu. Mtufaa unazaa kwenye vijiti vifupi vilivyokunjamana vya miaka mingi, ukivikata hivyo umekata matunda ya miaka mitano. Jirani yangu alimpa shemeji mkasi kwa mtufaa wake. Hawasalimiani.

Nakata mwishoni mwa Julai, macho ya matawi yakianza kuvimba. Kitabu kikisema Februari, ni Februari ya kwao.

Mpangaji wa Uyole – 28 Juni, saa 12:15 jioni

Mrejesho. Leo nilitoa mizizi ya Anna, mwaka wa tatu kwenye ndoo ileile. Nililaza ndoo, nikaigonga kitako, ikatoka keki nzima. Mizizi imezunguka pembeni mara sita au saba kama kamba ya mbuzi aliyezunguka mti. Nimekata kwa kisu cha mkate vidole viwili kuzunguka na chini, nikachambua kwa uma, nikarudisha kwenye ndoo ileile na mchanganyiko wa bibi. Juu nimepunguza matawi kiasi hichohicho. Huu ndio wakati wake, mti ukiwa umelala. Ukifanya hivi Novemba unaua. Milimao sijaigusa, hiyo nasubiri Septemba kwa sababu haina usingizi wa kweli.

Tawi moja lilikuwa limesimama wima, nimelivuta kwa kamba ya katani likalala karibu bapa. Lililolala linawaza maua, lililosimama linawaza urefu.

Dada wa Mafinga – 28 Juni, saa 12:40 jioni

Mlimao wangu umeacha kuongeza njano. Hata hivyo nimenyanyua ndoo mara nyingi mpaka mume wangu ameuliza nafanya mazoezi ya nini.

Mzee Mkinga – 6 Julai, saa 11:50 jioni

Makete leo anga halina hata wingu moja. Wa huko chini jiandaeni.

Mnyalu wa Kihesa – 6 Julai, saa 1:15 usiku

Iringa bado kuna upepo. Mpangaji vipi huko?

Mpangaji wa Uyole – 6 Julai, saa 2:30 usiku

Nimetoka nje sasa hivi. Nyota zote zipo, moshi wa jirani unapanda wima. Kipimajoto cha ukutani kinasoma 6 na bado ni mapema. Mitufaa na mtini naiacha hapohapo uwanjani. Milimao miwili naisogeza ukuta wa Loleza, shuka mbili ninazo, ya tatu mke wangu ameketi juu yake na anasoma uzi huu. Narudi baadaye.